Ukitaka Kufuga Uduvi Bukene, Anza na Mikono Yako

Kundi langu la kwanza la uduvi liliuawa na chandarua.

Walikuwa kumi na wawili, wekundu kama pilipili iliyoiva, kila mmoja hazidi urefu wa ukucha wa kidole gumba. Walisafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Bukene, wilayani Nzega, ndani ya mifuko ya plastiki iliyoviringishwa magazeti, na wote walishuka stesheni wakiwa hai. Siku ya tatu nikataka kumtoa mmoja nimwoneshe jirani. Sikuwa na kijavu. Nikakata kipande cha chandarua kilichochakaa, nikakishona kwenye waya, nikakitumbukiza majini. Jioni ile uduvi walianza kuogelea ovyo, wakipinduka chali na kurusha miguu. Kulipopambazuka hakuna aliyekuwa anacheza.

Dawa iliyomo kwenye nyuzi za chandarua imewekwa imuue mbu. Mbu na uduvi ni ndugu wa mbali: wote wana ganda la nje na miguu yenye viungo, na mishipa yao ya fahamu hudhurika kwa sumu zilezile. Kinachomwangusha mbu ukutani humwangusha na uduvi majini, tena kwa kiasi kidogo mno.

Tangu siku hiyo nimefuga kwa hesabu nyingine. Maelekezo mengi ya ufugaji huu yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Asia ya Mashariki, nao huhofia zaidi vipimo vya maji. Sisi wa Nzega na Tabora tuna hofu iliyo karibu zaidi. Nyumba zetu zimejaa dawa: za mbu, za kupe, za pamba, za nyanya, za tumbaku. Anayeweza kuziweka mbali na tangi lake atafuga uduvi miaka mingi, hata kama hana kifaa cha maana.

Uduvi gani?

Bukene iko mahali pazuri pa kuuliza swali hili. Njia ya misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Reli ikafuata nyayo zilezile: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi linalopita hapa kwetu likaingia Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo tuko kati ya maziwa mawili makubwa, na kila ziwa lina uduvi wake.

Uduvi wa Ziwa Victoria anaitwa kitaalamu Caridina nilotica. Wajaluo humwita ochong'a. Ni mdogo na mwili wake unapenya mwanga. Huvuliwa pamoja na dagaa, akakaushwa, akaingia kwenye chakula cha kuku. Kama unafuga kuku wa kisasa, huenda tayari unaye kwenye gunia bila kumtambua. Umaarufu wake ulipanda kwa mkasa. Sangara walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, wakaja kuwamaliza furu wa aina nyingi sana. Furu walipopungua, uduvi wakaongezeka, nao wakawa chakula kikuu cha sangara wachanga.

Ziwa Tanganyika lina uduvi wa aina kadhaa wasiopatikana kwingine duniani. Ni wazuri, lakini wamezoea maji yenye madini mengi na pH inayokaribia 9. Kuyatengeneza maji hayo nyumbani na kuyashikilia yasibadilike ni kazi ya mzoefu.

Wa tatu ni mgeni: Neocaridina davidi, asili yake Uchina, Taiwani na nchi za jirani. Porini ana rangi ya udongo. Wafugaji ndio waliochagua wenye wekundu kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata yule anayeuzwa leo, na baadaye wakapata wa njano, wa buluu na weusi.

Kwa anayeanza, namshauri huyu mwekundu. Anavumilia joto la nyuzi 18 hadi 28, anakubali pH kuanzia 6.5 hadi 8, na vitoto vyake hutoka kwenye yai vikiwa kamili kama wazazi. Yule wa Victoria vitoto vyake huanza maisha vikielea majini, hivyo kuvilea kunahitaji jicho zaidi. Mweke kuwa hatua ya pili. Kabla ya kumtoa ziwani au kuagiza uduvi wa nje, muulize ofisa uvuvi wa halmashauri kuhusu kibali, maana usafirishaji wa viumbe hai wa majini una masharti yake katika sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake.

Maji yako ni yapi?

Usinunue uduvi kabla hujajua maji utakayotumia. Hapa kwetu yako ya aina nne.

Ya kwanza ni ya bomba. Maji ya Ziwa Victoria yanayosafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, sasa yamevutwa kwa bomba hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kama yamekufikia, una bahati, kwa kuwa si magumu wala hayana chumvi nyingi. Kasoro yake kwa mfugaji ni klorini. Yaweke kwenye ndoo pana isiyofunikwa kwa siku mbili, na uyapige hewa kwa pampu kama unayo. Klorini ya kawaida huruka yenyewe.

Ya pili ni ya kisima. Haya hutofautiana kutoka mji hadi mji. Kipimo cha bibi zetu bado kinafaa: weka maji kwenye chupa, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche, utikise. Povu likijaa upesi, maji ni laini. Povu likigoma na maji yakawa na utando mweupe, ni magumu. Ukiweza, nunua kile kipimo kidogo mfano wa kalamu kinachosoma chumvi zilizoyeyuka. Uduvi mwekundu hustawi kati ya miligramu 150 na 300 kwa lita.

Ya tatu ni ya mvua, nayo ni dawa ya maji ya kisima. Kisima kikisoma 600 na maji ya mvua yakisoma 10, changanya kopo moja la kisima na makopo mawili ya mvua. Utapata kama 200. Maji ya mvua peke yake hayafai, kwa sababu hayana madini ya kujengea ganda. Mvua ya kwanza ya Novemba iache ipite, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Pia usikinge kutoka kwenye bati jipya, maana zinki yake huyeyuka kidogo kidogo na ni sumu kwa uduvi. Jaza mapipa ya plastiki kabla Aprili haijaisha, utayahitaji Oktoba.

Ya nne ni ya lambo. Yaache kwa ng'ombe. Yamepokea maji yaliyotiririka kutoka mashambani na kwenye majosho, na hakuna ajuaye yamebeba nini.

Tangi na wiki sita za kungoja

Fundi vioo wa mjini anaweza kukuundia tangi la lita 40 hadi 60. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Asiye na fedha hiyo atumie beseni kubwa la plastiki ambalo halijawahi kubeba sabuni, mafuta wala dawa. Tangi dogo la lita tano linavutia mezani, lakini maji machache huchafuka na kupata joto upesi, na mwanafunzi ndiye asiyeweza kulimudu.

Chini weka mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yang'ae. Kichujio kizuri kuliko vyote ni sifongo kinachoendeshwa na pampu ya hewa: hakivuti vitoto ndani, na uduvi hula utando unaoota juu yake. Umeme ukikatika saa chache, tangi lenye mimea na uduvi wachache litavumilia. Ukikatika kutwa, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kila baada ya muda ili yapate hewa. Sola ndogo ya kuchajia simu huweza kuendesha pampu ya hewa ya USB.

Mimea ni ya lazima. Ukiichukua bwawani, usiitie tangini siku hiyo hiyo. Ilaze kwenye ndoo yake wiki nne, ukibadilisha maji. Hapo ndipo utakapoona ruba, na hasa buu la kereng'ende, ambaye akiingia atakula uduvi mmoja baada ya mwingine huku wewe ukishangaa idadi inavyopungua.

Sasa subiri. Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitreti, ambayo mimea hula. Bakteria hawa hawanunuliwi dukani Bukene. Huota wenyewe kwenye sifongo na mchanga kwa wiki nne hadi sita, mradi uwape chakula: dondosha punje chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili. Vioo vitapata utando wa kijani na kahawia. Usiusugue. Huo ndio unga wa uduvi.

Wiki ya sita, tia konokono wawili wa majini. Wakitembea na kula kwa juma zima, tia uduvi watatu. Hao wakimaliza juma la pili salama, ndipo ulete kumi na tano.

Siku ya kuwapokea

Uduvi aliyetoka safarini hapaswi kumwagwa kwenye maji mapya. Nenda duka la dawa ukanunue mpira wa dripu, ule wa wagonjwa wenye kigurudumu cha kupunguzia matone. Weka uduvi na maji yao ya safari kwenye bakuli chini ya tangi, kisha dondosha maji ya tangi humo, matone mawili kwa sekunde, kwa saa mbili. Maji ya bakuli yakishakuwa mara tatu ya yalivyoanza, wachote uduvi kwa kijavu safi uwatie tangini. Maji ya safari yamwage.

Watajificha siku moja au mbili. Waache.

Kula kidogo, kuvua ganda

Ukiona uduvi wanafanya fujo kugombea chakula, umewapa kiasi cha kutosha. Ukiona chakula kimelala chini saa tatu baadaye, umezidisha, kitoe. Uduvi kumi na tano huishi zaidi kwa utando na majani yanayooza. Mara mbili au tatu kwa wiki wape jani la mchicha lililochemshwa dakika mbili, kipande cha boga au jani la mlonge. Jani kavu la mkungu au la mpera likae majini daima. Linapolainika huota utando ambao vitoto huuchuna usiku na mchana. Majani yatoke kwenye mti ambao unajua kwa hakika haujapigwa dawa.

Uduvi hukua kwa kuvua ganda. Utakuta asubuhi umbo jeupe, tupu, lenye macho na miguu, na utadhani ni mzoga. Liache. Watalila warudishe madini yake mwilini. Mzoga wa kweli hugeuka rangi ya waridi, nao utoe mara moja.

Kuvua ganda ndio wakati wa hatari. Maji yakibadilika ghafla, uduvi hulazimika kuvua kabla hajawa tayari, na wengine hukwama katikati, mstari mweupe ukiwazunguka shingoni. Ndiyo maana tunabadilisha maji asilimia 10 tu kwa wiki, taratibu, kwa maji yenye joto na chumvi ileile. Yanayopungua kwa kukaushwa na joto yafidie kwa maji ya mvua. Chumvi haikuondoka na mvuke, na ukiongeza ya kisima kila mara utakuwa unakoleza mchuzi.

Kuwazalisha

Jike ni mkubwa, rangi yake imekolea, na tumbo lake limeinama kwa chini kama mtumbwi. Akipevuka utaona doa la njano nyuma ya shingo yake, mfano wa tandiko la punda. Hayo ni mayai yanayokomaa. Siku atakayovua ganda, atatoa harufu majini na madume wote wataanza kuzunguka tangi kama waliosikia ngoma. Kesho yake mayai yatakuwa chini ya mkia, 20 hadi 30 kwa kawaida, naye atayapepea kwa miguu yake ya kuogelea bila kupumzika.

Atayabeba wiki tatu hadi nne, ikitegemea joto. Nyuzi 22 hadi 26 ndizo bora. Vitoto vikitoka vina urefu wa milimita mbili, na havihitaji chakula maalumu kama utando upo. Baada ya miezi miwili au mitatu navyo huanza kuzaa. Majike watano wakibeba mayai 25 kila mmoja, ni vitoto 125 kwa mkupuo mmoja. Usijisumbue kuhesabu, tegemea kwamba sehemu yake itapotea.

Mambo mawili huharibu hesabu hiyo. La kwanza ni samaki. Perege, hata mdogo, atameza kitoto cha uduvi kama punje ya mtama. Tangi la kuzalishia liwe la uduvi na konokono tu. La pili ni kuchanganya rangi. Mwekundu akizaa na wa buluu, uzao wao mara nyingi hurudia rangi ya udongo ya mababu zao. Tangi moja, rangi moja.

Oktoba

Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana huku kwetu huvuka nyuzi 30, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Weka tangi kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na bati. Nyumba ya tofali za udongo hukusaidia kuliko nyumba ya bloku. Mchana wa jua kali, ondoa kifuniko, tandaza wavu safi usio na dawa ili wasiruke nje, na elekeza feni juu ya maji. Yatashuka nyuzi mbili au tatu kwa kukauka tu. Usitumbukize barafu.

Sumu zilizo mikononi

Narudi kwenye chandarua, kwa kuwa hapa ndipo wengi watakapofia.

Caridina nilotica, huyu wa Ziwa Victoria ambaye anapatikana pia kusini mwa Afrika, hutumiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini kupimia sumu za majini. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya kumpima kwa Roundup, ile dawa ya kuua magugu, na ikaonekana vitoto ndivyo vilivyodhurika kwa kiasi kidogo zaidi cha dawa kuliko wakubwa. Kwa mfugaji maana yake ni hii: tangi linaweza kuwa na wazazi wazima wanaotembea bila shida, na bado vitoto visionekane kamwe. Ukiona majike wanabeba mayai mwezi baada ya mwezi na tangi halijai, tafuta sumu kabla ya kulaumu mbegu.

Uliyewaogesha ng'ombe dawa ya kupe, usiguse tangi siku hiyo. Uliyepiga dawa pamba, vivyo hivyo. Anayekata tumbaku au kunusa ugoro anabeba nikotini vidoleni, na nikotini iliwahi kuuzwa kama dawa ya wadudu. Anayetumia mrututu au dawa nyingine ya shaba kwenye nyanya ajue kwamba shaba kidogo tu humuua uduvi. Dawa nyingi za samaki nazo zina shaba, soma karatasi yake. Dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma zisitumike chumba chenye tangi, kwa sababu pampu huvuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Wakija wa kupulizia dawa ukoko ukutani, zima pampu, funika tangi kwa plastiki, na ikiwezekana lihamishie kwa jirani siku chache. Usikatae kupuliziwa, wala usiache kulala ndani ya chandarua. Malaria ni ugonjwa wa watu, na uduvi hawana haki ya kukufanya uugue.

Tenga ndoo moja, kopo moja na mpira mmoja, uviandike UDUVI kwa rangi, na watoto waambiwe.

Wakizidi

Siku itafika ambapo tangi limejaa. Soko la Bukene si la kutegemea. Usikope fedha kwa ajili ya uduvi. Mgawie jirani, au mpelekee mwalimu wa biolojia: ndani ya tangi moja ana mzunguko wa nitrojeni, kuvua ganda na urithi wa rangi, na wanafunzi wake wataviona badala ya kuvikariri.

Usiwamwage mtoni wala lamboni. Maji ya mito ya Igombe na Ugalla huishia mto Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika, kwa wale uduvi wasiopatikana kwingine. Njiani hupita kwenye ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000. Kisa cha sangara na furu kilianza kwa mgeni aliyetiwa majini na watu waliodhani wanaleta neema.

Kundi langu la pili lina miaka mitatu sasa. Sijawahi kulinunulia dawa wala kifaa kipya. Nilichoongeza ni kipande cha sabuni ya mche na kata ya maji mlangoni pa chumba, na kila anayetaka kuingiza mkono tangini, mgeni au mwenyeji, kwanza ananawa mpaka kwenye kiwiko, kisha anasuuza mpaka povu liishe.